Vipimo Viwili Vilivyokubaliana

Mmeniomba niketi niandike. Kuandika nitaandika, ila kuketi ndiko kunakonishinda. Tangu nistaafu, mume wangu analalamika kwamba nimelichakaza zulia kwa kutembea kati ya dirisha na jiko. Tunaishi ghorofa ya juu hapa Etobicoke, Toronto, na kutoka dirishani naona malori yakienda na kutoka uwanja wa ndege. Kila nikiona lori la baridi najiuliza limebeba nini, mlango wake umefunguliwa mara ngapi njiani, na nani amekipima kilichomo. Siku hizi hakuna anayenilipa kuuliza. Nauliza tu.

Ninyi vijana wa kanisani mnaosomea kazi za maabara, najua wengi wenu mnakisikia Kiswahili vizuri na kukijibu kwa Kiingereza. Sina ugomvi na hilo. Someni polepole, na mkikwama waulizeni mama zenu. Ninachotaka kuwasimulia ni habari ya vitunguu, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi hakuna kitu kilichoninyima utulivu kama vitunguu vile.

Kwanza mnifahamu. Naitwa Perpetua. Nilizaliwa Morogoro, nikasomea maabara huko huko nyumbani, nikapima maziwa hadi nilipoolewa na kuja huku. Tulifikia St. James Town, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa na siku zake za kufanya kazi. Kibarua changu cha kwanza kilikuwa Malton, kumenya na kukata matikiti kwenye jiko linaloandaa chakula cha abiria wa ndege. Nilikata matikiti hadi nikayaota. Jirani na jiko lile kulikuwa na maabara ya kupima vyakula. Siku moja niliingia na vyeti vyangu ndani ya mfuko wa plastiki, nikiwa bado nimevaa kofia ya jikoni, na wakanipa kazi ya kuosha vyombo. Nikafanya mitihani ya huku, nikapandishwa kidogo kidogo, na humo ndani nikazeekea.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mboga na matunda mabichi yanashuka kwa ndege au kwa lori, sampuli inaletwa kwetu, nasi tunatafuta bakteria wanaoweza kumlaza mtu hospitalini. Hasa salmonela. Mboga ya kupikwa haikunisumbua sana, maana moto unasaidia. Inayoliwa mbichi haina msaada mwingine.

Njia ya zamani ilitaka subira. Unatia majani kwenye mfuko pamoja na maji yenye lishe ya bakteria, ambayo sisi tuliyaita supu. Mfuko unaingia kwenye mashine yenye makasia mawili, yanaupiga hadi majani yapondeke. Kisha unaulaza kwenye kabati la joto, ili bakteria kama wamo wazaliane wawe wengi wa kuonekana. Kesho yake unahamishia kwenye supu nyingine, halafu kwenye sahani za kukuzia bakteria, halafu unangoja kuona kama vitaota vidoa vyenye weusi katikati. Ni karibu wiki nzima, na wakati huo mboga inanyauka ghalani huku mwenye mzigo akipiga simu.

Aliyejaribu kunifundisha kungoja ni Daktari Shirin. Alikuwa mkuu wa idara yetu, Mwismaili wa Dar es Salaam, aliyehamia huku na wazazi wake akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mtaa wa Upanga wa zamani, kizuri mno, kwa sababu kwa miaka mingi hakuwa na wa kuzungumza naye isipokuwa mama yake. Siku aliyonisikia nikinung'unikia chupa iliyonipasukia mkononi, alisimama mlangoni akaniuliza ninatoka wapi. Kuanzia hapo tukawa tunasemezana Kiswahili kila tulipokuwa peke yetu, na wenzetu wakadhani tunasengenya. Mara nyingine tulisengenya kweli.

Alinifundisha mambo ambayo vitabu huyapita haraka. Andika jina la sampuli kwenye kitako cha sahani, usiandike kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Sampuli ile unayojua ina bakteria, uliyoiweka makusudi kuhakikisha kipimo kinafanya kazi, ishike mwisho kabisa na mbali na nyingine, la sivyo utapeleka salmonela kwenye lettusi ya watu wasio na hatia. Na asubuhi hakuwa akiniuliza nimepata nini. Aliniuliza, "Umeona nini?" Ilinichukua muda kuelewa tofauti. Ukiulizwa umepata nini, unajikuta unatafuta jibu la kumpendeza mtu.

Subira yenyewe haikuniingia. Nilikuwa nafungua kabati la joto kuchungulia kabla ya wakati, na kila ukifungua, joto linashuka na bakteria wanachelewa. Daktari Shirin akabandika karatasi mlangoni mwa kabati: "Perpetua, bado." Wafanyakazi wapya walidhani ni jina la mashine.

Basi kikaja kipimo cha haraka.

Kililetwa na kijana mmoja wa mauzo mwenye viatu vilivyochongoka, aliyeweka mashine ndogo mezani na kutuambia kwamba hata mtoto angeweza kuitumia. Usiku mmoja tu wa supu, tone moja ndani ya mashine, nayo inatafuta alama za vinasaba vya salmonela. Kesho yake una jibu. Meneja wetu, Gordon, mtu mwenye heshima zake ambaye hakuwahi kutuinulia sauti, aliitazama mashine ile kama mtu anayetazama gari la ndoto zake. Maabara nyingine mjini zilikuwa zimeanza kutoa majibu ya haraka, na wateja wetu wakubwa walikuwa wanaulizia.

Lakini kipimo kipya hakiingizwi kazini kwa kusifiwa na muuzaji. Kinathibitishwa. Maana yake ni kwamba unachukua mboga za aina zile unazozipima kila siku, nyingine unazitia bakteria wachache mwenyewe, nyingine unaziacha safi, kisha unazipima zote kwa njia ya zamani na kwa njia mpya uone kama zinasema jambo moja. Tena huweki bakteria na kupima papo hapo. Mboga unaiacha kwenye friji kwanza, bakteria wapigwe na baridi wachoke, kwa sababu salmonela anayesafiri kutoka shambani hadi Toronto naye amechoka. Na anayesoma majibu hatakiwi kujua sampuli ipi imetiwa na ipi haikutiwa. Daktari Shirin alizitia na kuzipa namba. Mimi nilisoma.

Utaratibu mzima tuliuandika mapema, Gordon akausaini, na Daktari Shirin akausaini.

Nilianza na spinachi, vizuri. Lettusi, vizuri. Nyanya na matikiti, vizuri. Mashine ilisema ndiyo pale ambapo sahani zilisema ndiyo, na ikasema hapana pale sahani ziliposema hapana. Nilianza kuipenda, hata nikaacha kumcheka kijana wa viatu. Aina ya mwisho ilikuwa vitunguu vya majani, vile vyembamba vya kijani tunavyovikata juu ya kachumbari na samaki. Wiki ile nilinuka kitunguu kiasi kwamba kwenye basi la kurudi nyumbani watu walihama viti. Nilisoma vitunguu vyote kwa njia zote mbili. Mashine ikasema hapana kwa kila sampuli. Sahani nazo zikasema hapana kwa kila sampuli.

Siku ya kufunua namba tulikaa watatu ofisini kwa Gordon. Daktari Shirin alisoma zipi alizitia bakteria. Tulipofika kwenye vitunguu, nusu yake na zaidi vilikuwa vimetiwa, na hakuna kipimo kilichoona hata kimoja. Gordon alitazama jedwali akasema kwamba hiyo ilikuwa habari njema. Hatukuwa tunathibitisha vitunguu, alisema, tulikuwa tunathibitisha kipimo, na kipimo kipya kilikuwa kimekubaliana na cha zamani moja kwa moja, bila tofauti yoyote. Akaongeza kwamba kila mtu anajua kitunguu huua vijidudu. Kama bakteria wamekufa, mlaji yuko salama.

Yote yalisikika yana maana, ila mimi sikuweza kukaa kwenye kile kiti. Vipimo viwili vilikuwa vimekubaliana kwamba hakuna kitu, na mtu aliyekitia kitu hicho kwa mkono wake alikuwa ameketi kando yangu.

Nilimfuata Daktari Shirin koridoni nikamwambia twende tukarudie vitunguu kwa namna nyingine. Alikataa. Alisema jaribio lililokwisha kusainiwa linamalizwa kama lilivyoandikwa, na matokeo yanaandikwa kama yalivyotoka, yatupendeze yasitupendeze. Ukianza kubadilisha utaratibu kila jibu likikukera, alisema, mwisho wake utapata jibu unalolitaka, na siku hiyo hutakuwa mtu wa maabara tena. Nilikasirika. Nilidhani amechoka, amebakiza muda mfupi astaafu, anataka amani na Gordon. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Leo nawaambia alikuwa na haki, na mimi pia nilikuwa na haki, na haya mambo mawili yanaweza kukaa pamoja. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameshavaa koti jeupe, amesimama mbele ya friji. Alisema tulimalize la kwanza na kulifunga, kisha tuandike jaribio la pili, peke yake, lenye swali lake. "Swali ni hili," alisema. "Wamekufa, au wamejificha? Na kama wamekufa, wamefia wapi?"

Hilo neno la mwisho, wapi, ndilo lililofungua mlango.

Kwenye friji kulikuwa na mabaki ya vitunguu vile vile alivyovitia bakteria, majani mazima ambayo hayakuwa yamepondwa. Alinieleza anachokifikiri, na nikikieleza mtaona kilivyo cha kawaida. Jani la kitunguu likiwa zima halinuki sana. Ukilikata au kuliponda ndipo linatoa ile harufu ya kutoa machozi, na ndani ya harufu ile ndimo imo dawa inayoua vijidudu. Sisi tulikuwa tunafanya nini? Tunatia majani kwenye mfuko, tunayapiga kwa makasia hadi yawe uji, halafu tunawalaza bakteria ndani ya uji ule usiku kucha na kuwaambia wazaliane. Bakteria ambao juu ya jani walikuwa wazima, tuliwaua au kuwapumbaza wenyewe, ndani ya mfuko wetu, kabla ya kuwatafuta.

Safari hii hatukuponda. Tuliweka majani mazima kwenye chupa kubwa, tukamimina supu nyingi mara kadhaa kuliko kawaida ili dawa ya kitunguu izimuliwe, tukaitikisa polepole kama mtu anayebembeleza mtoto. Kando yake tukaweka mfuko uliopondwa kwa utaratibu wa zamani. Kisha nikangoja, na kungoja kule mnakujua. Nilisafisha meza iliyokuwa safi, nikapanga chupa kwa urefu, nikaenda hadi kwenye kabati nikarudi, nikasoma ile karatasi ya "bado", nikaenda tena.

Asubuhi mashine ilisema ndiyo kwa chupa na hapana kwa mfuko. Vitunguu ni vile vile, bakteria ni wale wale, tofauti ni kuponda tu. Siku zilizofuata sahani zikasema vivyo hivyo: zile za chupa zikajaa vidoa vyeusi, zile za mfuko zikabaki tupu. Tulirudia na vitunguu vingine, tukarudia tena. Haikubadilika.

Sasa fikirieni nilivyokuwa. Mlaji haipondi mboga yake kwenye mfuko na kuulaza kwenye joto. Anakata juu ya chakula na kula papo hapo, na majani mengine yanaingia kinywani mazima. Na kwa miaka yote ile maabara yetu ilikuwa imepima vitunguu vya majani kwa kuviponda, na majibu yalikuwa yametoka na saini zetu. Sijui ni mizigo mingapi ilipita. Labda yote ilikuwa safi. Mpaka leo sijui, na hakuna namna ya kujua.

Wakati huo huo kulikuwa na mzigo halisi. Hapo ndipo anapoingia Mutua.

Mutua alikuwa Mkamba, tulisali naye kanisa moja. Aliingiza mboga kwa ndege kutoka Kenya, alizonunua kwa wakulima wa kwao, na vitunguu vya majani ndivyo vilivyokuwa vinamwendea vizuri. Alikuwa mtu wa kujitolea, anayebeba viti baada ya ibada wakati wengine wanakunywa chai. Mzigo wake mpya ulikuwa umelala ghala la baridi pale Malton, karibu na uwanja wa ndege, ukingoja majibu yetu, na majibu, kwa njia ya zamani aliyokubaliana nayo kwenye mkataba, yalikuwa yametoka: salmonela haikuonekana. Kilichobaki ni kuchapa cheti.

Niliyaweka majibu mezani kwa Daktari Shirin. Sampuli iliyobaki ilikuwa kwenye friji, nzima, haijapondwa. Lakini sampuli ni mali ya mteja, na huipimi kwa njia nyingine bila ruhusa yake. Alisema atampigia simu yeye mwenyewe kwa kuwa mimi namfahamu Mutua, na jambo hili lisije likaonekana la kanisani. Akampigia, akamweleza kila kitu kwa Kiingereza cha ofisi, na akamwambia yuko huru kukataa.

Mutua hakumjibu. Alinipigia mimi. Nilikuwa chumba cha kulia chakula, nikatoka nje kwenye maegesho, upepo unavuma na ndege zinashuka juu ya kichwa. Hakusalimia sana.

"Dadangu Perpetua, cheti changu kiko tayari ama hakiko?"

Nikamwambia kwa njia tuliyokubaliana kiko tayari.

"Na nikikataa hii mambo yenu ya kupima tena?"

"Ukikataa utapewa cheti. Ni haki yako."

Nilisikia watu nyuma yake wakisogeza makatoni, nikajua yuko ghalani.

"Si uniambie ukweli basi. Wewe ungekula hivi vitunguu?"

Kuna majibu mengi ningeweza kumpa. Ningeweza kumwambia mimi ni mfanyakazi tu, aulize mkuu wangu. Ningeweza kumweleza sayansi hadi simu ikatike.

"Leo, nisingekula," nilimwambia. "Sijui kama vina ubaya. Ila nisingekula."

Alikata simu. Baadaye kidogo ruhusa yake ikafika kwa Daktari Shirin, mstari mmoja, bila salamu.

Nyinyi mnaoanza kazi, mtaambiwa kwamba mpimaji hana upande, na ni kweli, lakini mwili haujui hilo. Nilipoitikisa chupa ya Mutua nilikuwa namwombea. Niliomba supu ibaki tupu. Nilijaribu kujidanganya kwamba hilo si kosa, kwa kuwa mkono wangu ulifuata utaratibu hata kama moyo ulikuwa na lake. Asubuhi mashine ilisema ndiyo. Nilimwita Daktari Shirin asome mwenyewe bila kumwambia nilichokisoma mimi. Alisoma, akavua miwani, akasema tungoje sahani. Tukangoja. Sahani zikasema ndiyo.

Mutua, kwa mujibu wa sheria, ilimbidi awaarifu wakaguzi wa serikali, na akawaarifu siku ile ile. Hakuna katoni iliyokuwa imetoka ghalani, kwa hiyo hakuna mtu aliyekula, hakuna aliyeugua. Mzigo mzima uliteketezwa. Mizigo mingine aliyokwisha kuagiza ikazuiwa, maduka mawili makubwa yakaacha kununua kwake, na wakulima wake wakabaki na vitunguu mashambani.

Ofisini hali haikuwa tamu pia. Gordon alisoma taarifa za majaribio yote mawili akiwa amejifungia. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Alipotoka aliuliza tu kama tuna uhakika, na Daktari Shirin akamwambia amerudia zaidi ya ilivyohitajika. Gordon akasaini. Kipimo cha haraka kikaingia kazini kwa spinachi, lettusi, nyanya na matikiti, na kwenye cheti cha uthibitisho yakaandikwa maneno wazi kwamba hakitumiki kwa jamii ya vitunguu hadi namna ya kuandaa sampuli ibadilishwe. Utaratibu wetu wa zamani nao ukarekebishwa: vitunguu vya majani havipondwi. Tukawaandikia wateja wote waliowahi kutuletea vitunguu. Wengine walishukuru. Wengine walihamia maabara nyingine, ambako nadhani makasia yaliendelea kuponda. Tulipoteza kazi, na Gordon hakututupia lawama hata mara moja, ingawa nilimwona anazeeka.

Mutua hakuniambia neno. Kanisani alikaa upande wa pili. Aliendelea kubeba viti, lakini akifika karibu na nilipo anageuka. Mke wake alinisalimia kwa macho. Wapo walionong'ona kwamba nimemmaliza ndugu yangu ili nipandishwe cheo, na kweli niliwahi kupandishwa baadaye, Daktari Shirin alipostaafu, jambo ambalo halikunisaidia. Kuna Jumapili nilimwambia mume wangu tuhame kanisa. Alisema tukihama watasema kweli nilifanya. Tukabaki, nami nikawa nasimama nyuma kabisa karibu na mlango, nikijifanya napenda hewa.

Ilipita zaidi ya mwaka. Asubuhi moja mpokeaji wetu akaniita mapokezi. Mutua alikuwa amesimama pale na sanduku la baridi mikononi. Alikuwa amepungua. Sikujua nimpe mkono au nisimpe, nikabaki nimeshika kalamu.

Aliongea akilitazama lile sanduku. Alisema alikwenda nyumbani, akakaa na wakulima wake muda mrefu, wakafuatilia mambo hatua kwa hatua hadi wakafika kwenye maji ya kuoshea. Walikuwa wanaoshea mboga maji ya mfereji, na upande wa juu wa mfereji ule ng'ombe walikuwa wanavuka. Wakachimba kisima, wakajenga banda la kufungashia lenye sakafu. Sasa alikuwa na mzigo mdogo ghalani, wa kuanzia.

"Kuna maabara wamenipa bei nafuu na jibu la kesho," alisema. "Wao bado wanasaga. Nimeleta kwako."

Nilimwambia mimi sitaishika sampuli yake, ataishika mwenzangu asiyemjua, nami nitasoma bila jina. Akasema hiyo ni sawa tu. Nikamwambia itachukua siku zake. Akasema anajua.

Sitawachosha na siku zile. Mwenzangu aliniambia nikitembea tena mbele ya kabati atanifungia nje. Siku ya mwisho nilisoma sahani moja moja, nikazigeuza kwenye mwanga, nikazirudia kuanzia mwanzo. Ndipo nikauliza namba ile ni ya nani.

Nilimpigia simu mwenyewe, ingawa kwa kawaida cheti hutumwa tu. Alipokea haraka, kama aliyekuwa ameishika mkononi.

"Haikuonekana," nilimwambia.

Nilisikia anapumua. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni salama?"

"Nimekuambia tulichokiona, Mutua. Hatukuiona salmonela kwenye sampuli uliyotuletea."

"Hata leo huwezi kunipa neno moja la kunifurahisha."

"Hilo ndilo zuri kuliko yote niliyo nayo."

Akacheka, si sana, kicheko cha mtu aliyekuwa amesahau namna yake. Akaniambia kwamba Jumapili mke wake atakaanga samaki, na vitunguu vitakatwa juu yake vikiwa vibichi, vya mzigo huu huu. Niende na mume wangu.

Tulikwenda. Sahani iliwekwa mbele yangu, kijani kimemwagwa juu kwa wingi, na meza nzima ikanigeukia, bila mtu kujifanya hanitazami. Nilikuwa najua kila kitu kinachoweza kujulikana kuhusu majani yale, na nilijua pia kiasi gani hakijulikani. Nikachukua uma, nikala wa kwanza.